Potasiamu ya Njano na Miwani Moja

Nilipokabidhi funguo za maabara mwezi uliopita, mkuu wa shule alisema maneno mazuri, wanafunzi wakaimba, nikapewa kitenge na godoro. Kesho yake niliamka alfajiri kama kawaida, nikavaa, nikafika hadi mlangoni ndipo nikakumbuka kwamba sina pa kwenda. Nikasimama pale nimeshika kitasa. Nilichokuwa nakitamani ni harufu ya mafuta ya taa.

Miaka thelathini na sita nimenuka mafuta ya taa. Marehemu mume wangu alikuwa akisema harufu yangu inatangulia kufika nyumbani, mimi nafuata. Sasa nanuka sabuni kama watu wengine wote wa Bugene, na bado sijazoea.

Ninayaandika haya kwa ajili yenu mnaobaki na maabara za shule, hasa wewe Jovitha uliyepokea funguo zangu. Habari za vyeo na mishahara naziruka. Vyeo vilikuwa vichache, na mshahara mnaujua wenyewe. Nataka kueleza kazi ilivyokuwa, na aliyenifundisha, na ukurasa ule wa daftari la ajali ulioufungua siku ya makabidhiano. Ulisoma kwa sauti: "Mkataji hakuvaa miwani, kwa uzembe wake. Amepoteza jicho la kulia. Shahidi hakuumia." Kisha ukaniuliza, "Ma Leokadia, kwani miwani ilikuwa wapi?" Nikakujibu kwamba hayo ni mambo ya zamani, nikakuonyesha kabati la asidi. Swali hilo nililisubiri miaka yote hiyo, na lilipokuja nikalikimbia.

Niliingia kazini nikiwa na miaka ishirini na minne, binti kutoka Nyabiyonza mwenye cheti cha kidato cha nne na alama nzuri ya kemia. Baba alikuwa amefariki, nyuma yangu walikuwapo wadogo watatu shuleni, na wote walikuwa wakiniangalia mimi. Nilipewa mwaka mmoja wa majaribio kama msaidizi wa maabara. Maabara yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye madirisha yanayotazama migomba, meza sita za zege, na mtu mmoja mrefu mwembamba ndani ya koti jeupe lenye viraka vilivyoshonwa kwa mkono. Huyo ndiye Ta Sosteni. Wageni wa huku wajue kwamba "Ta" ni heshima tunayompa mwanaume mzima, kama vile mimi mlivyoniita "Ma".

Ta Sosteni alikuwa Mlutheri wa Muleba, mtu wa maneno machache. Siku ya kwanza hakuniruhusu kugusa kitu. Aliniambia nisome lebo za chupa zote, rafu moja baada ya nyingine, mpaka saa tisa. Saa tisa akaniambia nifumbe macho.

"Salfa iko wapi?"

"Rafu ya pili, mkono wa kushoto, waitu," nikajibu, kwa neno letu la heshima kwa mkubwa.

"Na jirani yake?"

Jirani yake nikamkosa. Akasema, "Kesho utasoma tena," akaenda kunawa mikono. Nilisoma lebo siku nne. Leo nikifumba macho bado naziona zote, na mwandiko wake ulioinama kidogo upande wa kulia.

Siku ya tano akanionyesha msumari nyuma ya mlango. Juu yake ilining'inia miwani ya kinga, kubwa, yenye mkanda wa mpira uliounganishwa kwa uzi. Shule nzima haikuwa na nyingine. "Anayeshika kisu ndiye anayevaa miwani," akasema. "Hata awe mkuu wa shule. Hata niwe mimi." Mengine aliyonifundisha yalikuwa na vipengele na isipokuwa. Hili halikuwa navyo.

Kisha akanipeleka kwenye kabati la chini, lisilopigwa jua, kukutana na metali za alkali. Zilikuwa chupa tatu za kioo kizito: lithi, sodiamu na potasiamu, kila metali imo ndani ya mafuta. Kila Jumamosi tulikagua chupa hizo na kuongeza mafuta ya taa yaliyopungua, maana metali hizi hazivumilii hewa. Ukikata sodiamu, uso wake unang'aa kama sufuria mpya, nawe ukigeuka kumwita mwenzako aone, umeshafifia.

"Hawa ni ndugu," Ta Sosteni aliniambia. "Wote wana njaa ya oksijeni, ila tabia zao mezani ni tofauti. Lithi ukimchoma anachukua oksijeni ya kumtosha, anashukuru, anaondoka. Sodiamu anachukua mara mbili ya ndugu yake. Huyu potasiamu anajaza sahani mpaka inamwagika, na alichokula hakimkai tumboni. Anatafuta wa kumtapikia."

Vitabu vyenu vinaviita vyakula hivyo oksaidi, peroksaidi na superoksaidi. Ni majina mazuri na myajue kwa ajili ya mtihani, lakini mimi nilielewa kwa sahani ile. Nilielewa nusu, kama mtakavyoona.

Alikuwa na siku yake moja kila mwaka, siku ya kuwachomea kidato cha tatu. Anaweka punje kwenye kijiko cha kuchomea, anaipasha moto mpaka ishike, anaishusha ndani ya mtungi uliojaa oksijeni. Lithi ilitoa mwali mwekundu. Sodiamu ilitoa njano kali, darasa zima linaonekana kama lina homa. Potasiamu ilitoa zambarau nyepesi, rangi ambayo sijawahi kuiona kwenye ua wala kitambaa. Wanafunzi walikuwa wakipiga kelele kwa njano. Ta Sosteni alikuwa akisubiri zambarau, na ilipotokea alinyamaza, hata swali hajibu. Nami nikajifunza kuisubiri pamoja naye.

Kukata metali ni kazi ya mkono mtulivu. Kigae cheupe kiwe kikavu, kisu kikavu, kibano kikavu, na matone kadhaa ya mafuta juu ya kigae. Sodiamu iliyokaa muda huvaa utando mweupe mgumu, na lazima uuondoe kabla ya kupata metali safi. Ta Sosteni alikuwa akiukata kwa vipande vinene, anapoteza metali nyingi. Mimi nililelewa kwenye migomba. Kwetu binti anajulikana kwa namna anavyomenya ndizi, na anayetupa maganda manene husemwa mpaka kwa wakwe asiowapata bado. Nilipopewa kisu kwa mara ya kwanza, nikamenya sodiamu kama ndizi. Utando ukatoka mwembamba, mrefu, umejikunja, na ndani metali ikabaki nzima inang'aa.

Ta Sosteni aliutazama ule utando juu ya kigae kwa muda mrefu. "Hili chuoni hawakutufundisha," akasema. Tangu siku hiyo sodiamu ikawa yangu. Sijawahi kupewa sifa nyingine iliyonikaa moyoni kama hiyo, na ndiyo iliyoniponza.

Maana potasiamu hakunipa. "Niachie mimi," alisema kila mara, bila maelezo, nami nikadhani ananibania. Sasa najua alikuwa anaogopa, na mtu wa aina yake hakuwa na mazoea ya kusema kwamba anaogopa.

Mwaka wangu wa majaribio ulibakiza miezi miwili. Mvua ziliharibu barabara, mafuta ya taa yakaadimika wiki kadhaa, na Jumamosi zetu tukawa tunakagua tu, hatuongezi. Ijumaa moja tukasikia mafuta yamefika Kayanga. Ta Sosteni akachukua dumu na baiskeli akaondoka. Jumatatu ilikuwa siku yake ya kuwachomea kidato cha tatu. Nikawaza: akirudi akute kila kitu kiko tayari, potasiamu imemenywa, inang'aa, imerudishwa kwenye mafuta safi. Nilitaka autazame tena utando juu ya kigae.

Nikavaa miwani, kwa sababu hilo lilishaniingia kwenye damu. Nikaitoa potasiamu. Upande uliokuwa umejitokeza juu ya mafuta ulikuwa na utando, lakini haukuwa mweupe. Ulikuwa wa njano, umeelekea rangi ya chungwa. Nikasema moyoni, huu ni uchafu uleule, umekaa zaidi. Hapo ndipo penye kosa langu lote, na nawaomba mlisome mara mbili. Utando wa njano juu ya potasiamu ni ile sahani iliyomwagika, ni oksijeni nyingi iliyofungwa kwa shida. Kisu kikiusukuma hadi kwenye metali safi iliyo chini, penye mafuta, unalipuka. Potasiamu ya njano haikatwi, haimenywi, haikwanguliwi. Inafungwa, inaachwa ilipo, na wanaitwa wanaojua.

Mlango ukafunguliwa kisu kikiwa kimeshagusa. Ta Sosteni aliona rangi kabla hata hajatua dumu. Hakupiga kelele. Alisema, "Leokadia, acha," kwa sauti ya kawaida kabisa, akavuka chumba kwa hatua tatu, akaupenyeza mkono wake kati yangu na kigae ili anisukume nyuma. Akawa ameinama pale nilipokuwa nimeinama mimi.

Potasiamu ikalipuka. Sauti ya mlipuko haikuwa kubwa kama mnavyodhani. Ilikuwa kama ubao mkavu uliovunjwa gotini. Moto ukashika mafuta juu ya meza. Akasema, "Mchanga," nami nikamwaga ndoo nzima ya mchanga mkavu, moto ukazimika. Nilipogeuka alikuwa amekaa chini ameegemea kabati, koti amelikunja na kulibana kwenye jicho, na viraka vilikuwa vinabadilika rangi.

"Umeumia?" akaniuliza.

"Hapana, waitu."

"Nisikilize kabla watu hawajafika. Kisu kilikuwa kwangu. Umesikia? Kwangu. Wewe uko kwenye majaribio, watakufukuza leo hii, na wale wadogo zako watarudi kuchunga mbuzi. Vua hiyo miwani. Itundike."

Nikaivua. Kioo cha upande wa kulia kilikuwa na mikwaruzo na matone meusi. Nikaifuta kwa kanga, nikaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, na watu walipoingia ilikuwa pale, imetulia, kama haikutumika siku nzima.

Wiki tatu baadaye alirudi na kitambaa kwenye jicho kuandika daftari la ajali, kwa sababu kanuni inataka aliyeumia aandike mwenyewe. Aliandika yale uliyoyasoma, Jovitha. Sehemu ya shahidi akanisogezea kalamu, nami nikatia sahihi. Ni sahihi yangu ya kwanza ya kikazi. Haukupita muda akaandikiwa barua ya kustaafishwa. Wanafunzi hawakuimba. Hakukuwa na kitenge wala godoro. Mimi nilithibitishwa kazini, nikapewa funguo zake, na wadogo zangu wakasoma mpaka mwisho.

Alihamia Kyerwa, kwenye kibanja chake cha ndizi na kahawa. Mwaka uliofuata nikaenda kumsalimia. Yeye alikuwa shambani. Mkewe, Mama Anjela, akanikaribisha, akaniletea kahawa kavu ya kutafuna kwenye kitunga kidogo, kama anavyostahili mgeni wa maana. Tukaongea mambo ya mvua. Kisha akasema, bila ubaya wowote, "Wewe mwanangu una akili, ulijitunza. Huyu wangu kahubiri miwani mpaka watoto hapa nyumbani wanaiota. Siku yake ilipofika, akaiacha imening'inia. Siwezi kumsamehe uzembe ule. Namhudumia, lakini siwezi."

Nilikuwa na neno mdomoni. Nilikuwa na kahawa pia, nikatafuna kahawa. Ta Sosteni aliporudi tukaongea habari za maabara, akaniuliza kama lebo za rafu ya pili bado zinasomeka. Alinisindikiza mpaka barabarani. Sikurudi tena.

Miaka iliyobaki nimeifanya kazi vizuri, nalisema hilo bila haya. Shule haikununua tena potasiamu. Lakini kila mwaka nilipoona kidato cha tatu wanakariri zambarau wasiyoijua, niliumia, nikatafuta njia. Maganda ya ndizi yana potasiamu nyingi. Yachome yawe majivu, loweka majivu, chuja, kausha maji yale juu ya moto mdogo mpaka ubaki unga wa kijivu. Chovya waya uliosafishwa, weka kwenye mwali. Mwanzoni mtaona njano, kwa sababu sodiamu kidogo tu inatosha kumfunika ndugu yake. Tazameni kupitia kioo cha buluu, njano inazuiwa, na zambarau inabaki peke yake. Mwaka mmoja wanafunzi wa Kiruruma waliniletea gunia zima la majivu ya jikoni, na kwa juma zima tukapata njano tupu. Kumbe sufuria za nyumbani zilikuwa zikifurikia maji ya chumvi kwenye moto ule. Tangu hapo majivu nachoma mwenyewe.

Kila ilipotokea ile rangi nyuma ya kioo cha buluu, nilinyamaza kama alivyokuwa akinyamaza yeye. Wanafunzi walidhani nasali. Nilikuwa nimemkumbuka, basi. Nilikuwa natamani asimame pembeni yangu aseme neno moja tu, hata la kukosoa.

Sasa nirudi kwenye swali lako. Siku tatu baada ya kukabidhi nilikuja kukuazima daftari la ajali kwa siku mbili, ukanipa bila kuuliza, na nakushukuru. Nikapanda gari la Kyerwa nimelipakata. Ta Sosteni amekaribia tisini. Nilimkuta ameketi kwenye kiti mbele ya nyumba, kofia kichwani, jicho moja limezama. Mama Anjela alifariki miaka saba iliyopita; sikujua, hakuna aliyekuwa na sababu ya kuniambia. Kaburi lake liko hapo hapo kibanjani, kati ya migomba, limesakafiwa. Anjela, binti yao, ndiye anayemtunza mzee, naye ana mvi.

"Shikamoo, Ta Sosteni."

"Marahaba. Huyo ni Leokadia. Ananuka sabuni," akasema. "Wamekustaafisha."

Nikacheka na kulia kwa wakati mmoja, jambo ambalo umri wangu hauruhusu. Kisha nikamwomba Anjela akae, maana nilichokuja nacho kilikuwa cha wote wawili. Nikakipasua hivyohivyo: kwamba kisu nilishika mimi, kwamba baba yake aliingia kunitoa, kwamba hakuacha miwani kwa uzembe. Miwani ilikuwa moja, nami niliivaa.

Anjela alimtazama baba yake.

"Mambo hayo yamekwisha," mzee akasema. "Nimeshasema nilikuwa mimi, nimesema miaka mingi. Siku nyingine naona kabisa mkono wangu kwenye kile kisu."

"Haukuwa mkono wako, waitu."

"Kwani unataka nini sasa?"

Nikafungua daftari kwenye ukurasa ule. Chini ya mwandiko wake ulioinama kulia, nikaandika mbele yao: "Maelezo ya juu si sahihi. Aliyekata potasiamu ni mimi, Leokadia, bila ruhusa. Sosteni alijeruhiwa akiniokoa. Miwani ilikuwa usoni mwangu." Nikatia sahihi yangu, nikamsogezea kalamu kwenye sehemu ya shahidi.

Akakaa nayo mkononi. Nilidhani atakataa. Akainama mpaka pua ikakaribia karatasi, akasoma kwa jicho lake moja, neno kwa neno, kama alivyokuwa akikagua lebo zangu. Kisha akasema, "Ongeza hapo mwisho: miwani ilifanya kazi yake." Nikaongeza. Akatia sahihi.

Ndipo Anjela aliponyoosha mkono. "Naomba hilo daftari kidogo, Ma Leokadia."

Nikampa. Alishuka nalo kibanjani, akiinamisha kichwa kupita chini ya majani, mpaka kwenye kaburi la mama yake. Lile doa la kahawia utakaloliona kwenye kona ya ukurasa, Jovitha, ni utomvu wa mgomba. Hautoki, usijaribu kuufuta. Mimi na Ta Sosteni tulibaki pale mbele ya nyumba, hakuna anayemtazama mwenzake, tukisikiliza. Anjela alimsomea mama yake ukurasa mzima kwa sauti, pole pole, maelezo ya zamani kwanza, kisha ya leo. Alipofika kwenye miwani, akasimama, akarudia.